Kifungu cha 246 na jirani yake

Mwanangu Tumaini,

Kamwene. Picha za ule mchoro wa Mwanakondoo ulizotutumia kutoka kanisani Ghent, Ubelgiji, zimefika. Mama yako alizikuza kwenye simu hadi majani yakaonekana moja moja, akasema aliyechora vile lazima aliwahi kuchunga mbuzi. Na swali lako nimelisoma mara mbili: kama Berlin walizinunua zile mbao zilizochorwa kwa pesa zao, kwa nini walinyang'anywa? Na je, huko ndiko kurudisha?

Nianze na Wafaransa, maana wao hawakununua kitu. Mwaka 1794 jeshi lao lilibeba mbao za katikati za ule mchoro wa Mwanakondoo, uliomalizwa na Jan van Eyck mwaka 1432, likazipeleka Paris. Zilirudi 1815, Napoleon alipokwisha kushindwa. Mfalme mpya wa Ufaransa mwenyewe alikuwa ametoka kuwa mkimbizi hapo hapo Ghent, kwa hiyo sidhani alikuwa na uso wa kukataa.

Sasa angalia vituko. Mwaka uliofuata kanisa lenyewe likauza mbao sita za milango ya pembeni, zikapita kwa wafanyabiashara hadi kwa mfalme wa Prussia, huko Berlin, mwaka 1821. Kwa hiyo ndiyo, Berlin walikuwa na stakabadhi. Walichoponzwa nacho si wizi wa mchoro, ni moto: Agosti 1914 askari wa Kijerumani waliichoma maktaba ya Chuo Kikuu cha Leuven, mji mwingine wa Ubelgiji. Vita vilipokwisha, Mkataba wa Versailles ukawaagiza walipe vitabu, na pamoja navyo watoe milango ile ya Ghent na mbao za mchoraji Dieric Bouts zilizotoka Leuven. Hiyo, mama, mimi siiti kurudisha. Ni faini. Wajerumani wengi waliondoka nayo rohoni.

Vita vya pili vilipokuja, Wabelgiji wakaupeleka mchoro wote Pau, kusini mwa Ufaransa, ufichwe. Mwaka 1942 Wajerumani wakaufuata huko, na serikali ya Ufaransa iliyokuwa ikiwatii ikaamuru wakabidhiwe. Wabelgiji hawakuulizwa. Huo sasa ni wizi, hata kama ulipigwa muhuri. Uliishia kwenye mgodi wa chumvi wa Altaussee, Austria, kati ya maelfu ya michoro iliyoporwa, na gavana wa Kinazi wa eneo lile akaingiza humo makasha manane yaliyoandikwa kwamba yana marumaru. Yalikuwa na mabomu. Wachimbaji wa chumvi wenyewe waliyatoa Mei 1945, na Agosti mchoro ukapanda ndege kurudi Ubelgiji. Katika habari yote hii, watu ninaowavulia kofia ni wale wachimba chumvi.

Lakini ulichonikumbusha hasa ni kitu kingine. Agizo la milango ya Ghent limo katika kifungu cha 247 cha mkataba ule. Unajua cha 246 kinasema nini? Kwamba Ujerumani ikabidhi kwa serikali ya Uingereza fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wetu Wahehe, ndani ya miezi sita. Muda ule ule waliopewa kwa mbao. Nimefundisha historia miaka mingi bila kuviona vifungu hivyo viwili pamoja, nikaja kuviona nimeshastaafu, nikakaa kimya barazani hadi chai ikapoa.

Mbao zilifika Ubelgiji 1920. Fuvu, Wajerumani walijibu kwamba hawalijui liliko, na hakuna aliyewakaba. Mkwawa alijiua 1898 asikamatwe na Wajerumani, kichwa kikakatwa. Fuvu lilirudi Kalenga, hapa Iringa, tarehe 19 Juni 1954, baada ya Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, kwenda makumbusho ya Bremen, Ujerumani, na kuchagua moja kati ya mafuvu mengi. Kama ndilo lenyewe, watu bado wanabishana. Mbao zilizonunuliwa zilirudi upesi kwa sababu mwenye nazo alikuwa ameketi mezani Versailles. Mhehe hakuwa na kiti. Hata kifungu chenyewe kilisema fuvu wapewe Waingereza.

Kwa hiyo wakikuuliza huko darasani nani ana haki, usianzie kwenye stakabadhi. Uliza kwanza nani aliitwa kwenye kikao.

Ukienda tena Ghent, tazama mbao ya chini, kushoto kabisa, ile ya Waamuzi wa Haki. Ni nakala. Ya asili iliibwa usiku mmoja wa Aprili 1934 na hadi leo haijaonekana. Nitumie picha yake, iliyo karibu zaidi.

Jumamosi nitampeleka mtoto wa kaka yako Kalenga, ana umri uleule uliokuwa nao nilipokupeleka wewe. Mama yako anauliza kama lile koti linatosha kwa baridi.

Baba yako
Iringa