Maswali ya Wasomaji: Arley, stesheni ya treni ya mvuke kando ya Mto Severn

Barua kadhaa tulizopokea zinahusu stesheni ya Arley, nchini Uingereza. Arley ipo kwenye reli ya Severn Valley, yenye urefu wa kilomita 26 kutoka Kidderminster hadi Bridgnorth. Njia ilifunguliwa 1862, ikaacha kupitisha treni za abiria kutoka mwanzo hadi mwisho mwaka 1963, kisha wapenzi wa reli wakaifufua kipande kwa kipande: Bridgnorth hadi Hampton Loade 1970, Bewdley 1974, Kidderminster 1984.

Nitasafiri na watoto kutoka Birmingham. Tukae upande gani tuuone mto? (Msomaji, Wolverhampton)

Panda treni ya kawaida hadi Kidderminster. Stesheni ya treni za mvuke ni jirani kabisa. Kwanza hakikisha ratiba, kwa kuwa treni haziendi kila siku ya mwaka.

Kuanzia Bewdley kaa kushoto, ukielekea Bridgnorth. Karibu na Arley treni inavuka mto juu ya daraja la Victoria, na baada ya hapo mto unakuwa kulia hadi mwisho wa safari. Kwa hiyo behewa lenye njia katikati ni bora kuliko lile la vyumba, mnahama viti bila kumsumbua mtu. Daraja lenyewe ni tao moja la chuma cha kalibu (chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye umbo) lenye upana wa mita 61, lilijengwa 1861 kwa mchoro wa mhandisi John Fowler. Chuma cha kalibu hustahimili kubanwa ila huvunjika upesi kikivutwa, ndiyo maana likajengwa tao, ambamo uzito wote unageuka kuwa mbano.

Mkishuka Arley, stesheni iko ukingo wa magharibi na kijiji kiko ng'ambo. Mnavuka kwa daraja la waenda kwa miguu. Kwenye mabehewa ya zamani mlango haujifungi wenyewe na kitasa kiko nje: shusha kioo, subiri treni isimame kabisa, ndipo utoe mkono.

Stesheni iko karibu sana na mto. Je, kichwa cha treni hunywa maji ya mto moja kwa moja? Na yakikiishia njiani? (Msomaji, Voi)

Si kila maji yanafaa, hata yakiwa mengi kiasi gani. Boila inatoa mvuke mtupu, na kila kilichokuwa ndani ya maji kinabaki nyuma: tope, chumvi, chokaa. Chokaa huganda juu ya mirija na kuta za tanuri kama ukoko mweupe wa ndani ya birika la chai. Ukoko huo unazuia joto lisifike kwenye maji, hivyo chuma cha upande wa moto kinapata joto kupita kiasi, kinalegea, na mirija inaanza kuvuja kwenye maungio.

Hatari ya pili ni povu. Maji machafu yakichemka hutoa povu linalopanda pamoja na mvuke hadi kwenye silinda, mahali mvuke unaposukuma pistoni, na maji hayabanwi. Pistoni ikiyakuta, kifuniko cha silinda hupasuka au fimbo hupinda. Dereva akiona bomba la moshi linarusha maji badala ya mvuke mkavu, anapunguza mvuke na kufungua koki za silinda papo hapo. Kuzuia ni rahisi kuliko kutengeneza: maji hutiwa dawa, sehemu yake humwagwa mara kwa mara kupitia vali ya chini, na kila baada ya muda boila hupozwa, plagi zake zikafunguliwa, ikasafishwa kwa mpira wa maji yenye nguvu na fimbo za kukwangulia. Kupoza kwa pupa ni kosa: chuma kinachosinyaa bila usawa hupasuka.

Kuhusu kiasi, kichwa kidogo cha aina ya 5700 hubeba takriban lita 5,450. Kikivuta treni nyepesi, kadiria lita 100 hivi kwa kilomita, yaani lita 2,600 kwa safari ya kwenda. Ukitaka kurudi bila kujaza, umekaribia ukingoni mno, na mlima au kusimama sana kwenye ishara kutakumaliza. Nyinyi wa Voi mtakumbuka vichwa vikubwa vya Garratt aina ya 59, vilivyobeba karibu lita 39,000: nyika ya Taru haikuwa na mto wa kuegemea. (Vile vilichoma mafuta mazito, Severn Valley wanachoma makaa ya mawe.)

Maji yakipungua, cha kwanza kuachwa mkavu ni dari la tanuri. Kwenye dari hilo kuna plagi yenye kiini cha madini ya risasi, kikiyeyuka mvuke unaingia kwenye tanuri kwa kelele. Hilo ni onyo tu, halizimi moto wote. Mchochea moto anatakiwa kuupunguza haraka. Lakini fundi mzuri hafiki huko, kwa sababu hutazama vioo viwili vinavyoonyesha kimo cha maji ndani ya boila na haamini kioo bila kukijaribu: funga koki za juu na za chini, fungua ya kumwagia, kisha ruhusu upande mmoja mmoja. Maji yakirudi polepole, njia imeziba, na kipimo unachokiona ni cha uongo.

Reli ni moja tu. Treni mbili zinazuiwaje zisigongane? (Mwanafunzi, Morogoro)

Kwa tokeni, kifaa ambacho dereva lazima awe nacho mkononi ndipo aingie kwenye kipande cha njia. Kila kipande kinachotumia tokeni kina mashine mbili, moja kila mwisho, zilizounganishwa kwa umeme: tokeni moja ikitoka, nyingine hazitoki hadi ile irudishwe katika mashine yoyote ya hizo mbili. Mpiga ishara wa Arley humwuliza mwenzake kwa kengele. Mlio mmoja ni kumwita. Mitatu, kimya kidogo, kisha mmoja ni treni ya kawaida ya abiria. Miwili ni kwamba treni imeingia. Miwili kisha mmoja, imetoka. Dereva husoma jina la kipande lililochongwa kwenye tokeni kabla ya kuondoka. Kosa la kawaida ni kukabidhiwa tokeni ya kipande kingine. Treni hupishana Bewdley, Arley na Hampton Loade. Mashine ikiharibika, mtu mmoja aliyeteuliwa anachukua nafasi ya tokeni, na hakuna treni inayopita bila ruhusa yake mwenyewe.

Mto ukifurika, stesheni inazama? (Msomaji, Kigoma)

Watu wengi huogopa mto, kumbe adui yuko mlimani. Njia imejengwa juu ya ukingo, kwenye mteremko uliokatwa upande mmoja na kujazwa tuta upande wa pili. Mvua kubwa ya 19 Juni 2007 ilishuka kutoka juu, ikajaa kwenye makalvati (mabomba ya kupitisha maji chini ya reli) yasiyoweza kuipitisha, ikabomoa matuta sehemu nyingi, reli na mataruma vikabaki vikining'inia hewani. Njia nzima ilifunguliwa tena Machi 2008.

Udongo uliojaa maji unakuwa mzito na wakati huohuo unapoteza mshiko, hivyo kumwaga kokoto mpya juu yake ni kuongeza mzigo tu. Kazi huanza na mifereji: wa juu ya mteremko kukatiza maji, na wa chini kuyaondoa, kisha makalvati makubwa zaidi. Kabla ya mvua kubwa wasafishe majani kwenye midomo ya makalvati. Fundi anayetembea njia atazame pia uzio na nguzo za simu: zikiinama kuelekea mtoni, mteremko umeanza kusogea, hata kama reli bado zimenyooka.