Barua kwa mwanangu: Kijapani cha kuanzia

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema zimebaki wiki 6 uende Nagoya, kitabu ulichonunua kina sentensi zaidi ya 300, na unauliza, "Mama, nishike zipi kwanza?" Nakujibu kwa yale niliyoyapata mwenyewe kule Tsukuba mwaka 1996, kabla hujazaliwa, nilipopelekwa kusomea kilimo cha mpunga.

Kwanza kabisa, usipitie Kiingereza. Mwalimu wetu alitufundisha kwa Kiingereza, basi miezi ya mwanzo nikawa natafsiri mara mbili kichwani na kila jibu linachelewa. Jioni moja tunatoka shambani, mzee mkulima akaniambia, "Otsukaresama desu." Kwenye daftari nilikuwa nimeandika kwamba neno hilo linahusu kuchoka, nikashangaa anajuaje kama nimechoka. Kumbe ananipa pole na kazi! Ile ile tunayopeana hapa nyumbani. Tangu siku hiyo nikawa natafuta neno la kwetu linalokaa mahali pale pale. Unapoingia nyumbani kwa mtu, hodi yao ni "ojama shimasu", yaani naja kukusumbua. "Hai" ni ndiyo, lakini mara nyingi ni naam tu: nakusikia, endelea. Usije ukadhani umekubaliwa. Na kule shambani walikuwa na ine, kome na gohan, ambavyo kwetu ni mpunga, mchele na wali. Nililishika somo lile kwa siku moja.

Ukiwa na neno moja tu mdomoni, liwe "sumimasen". Ni samahani, ila ndilo pia la kumwitia mhudumu mgahawani, la kuomba njia ndani ya treni iliyojaa, na la kumshukuru mtu aliyejisumbua kwa ajili yako.

Kuuliza si kazi. Sentensi haigeuki, unaweka "ka" mwishoni. Toire wa doko desu ka? Choo kiko wapi? Kore wa ikura desu ka? Hii bei gani? Kore wa nan desu ka? Hiki ni nini? Hilo la mwisho utalitumia kila uingiapo sokoni. Usipoelewa, nakuomba usitabasamu na kunyamaza kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Sema "mō ichido onegaishimasu", naomba urudie. Wakienda mbio, "yukkuri onegaishimasu", polepole tafadhali. Watapunguza mwendo, tena kwa moyo.

Dukani, ukisikia "fukuro", unaulizwa kama unataka mfuko, na tangu 2020 mifuko ya plastiki inalipiwa. "Atatamemasu ka?" ni kukuuliza kama chakula kipashwe moto. Ukiwa hutaki, jibu "daijōbu desu". Kwa maneno ni kama haina shida, lakini pale kaunta ni kukataa kwa adabu. Nao pia hapana hawakurushii usoni. Mtu akivuta pumzi akasema "chotto…" halafu akaishia hapo, ameshakataa. Usimbane.

Matamshi yatakupendelea, maana irabu zao ni zile zile tano zetu. Shida ni ulimi wetu kukanyaga silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema "arigáto", wakati wao huvuta ile o ya mwisho: arigatō. Nilipoweka mstari juu ya herufi, vuta. Biru ni jengo, bīru ni bia. Obasan ni shangazi, obāsan ni bibi. Na u ya mwisho kwenye desu na masu humezwa, karibu usiisikie.

Sasa saa, mwanangu, hapa tulia. Mei ile, yule mzee alinialika kwenye siku ya kupanda mpunga. Akaniuliza, "Nan-ji ga ii desu ka?" Nije kukuchukua saa ngapi? Nikamjibu kwa furaha, "Ichi-ji." Kichwani nina saa moja asubuhi. Alfajiri nikavaa mabuti, nikasimama nje ya hosteli. Nikasubiri, nikarudi ndani, nikatoka tena. Alikuja saa saba mchana juu ya alama, mikono yake ina matope yaliyokauka, kwa sababu kwao ichi-ji ni moja ya kuhesabu tangu adhuhuri. Mashine ilikuwa imeshamaliza shamba lote. Nilisimama kwenye tuta nikitazama miche iliyokwisha kupandwa, nikaumia sana, maana lile ndilo nililolifuata Japani.

Kwa hiyo ukitaka kusema saa moja asubuhi, sema "asa no shichi-ji", yaani saba ya asubuhi. Saa mbili ni hachi-ji, nane. Fanyia mazoezi hilo kuliko yote.

Ila nimegundua jambo ambalo wakati ule sikuliona. Japani iko mbele yetu kwa saa 6. Saa yako ikisema shichi-ji jioni, hapa Moshi tunasema saa saba mchana. Nambari ni ile ile, saa zote za siku. Ile ichi-ji niliyomtajia mzee ilikuwa kweli saa moja asubuhi, ila ya huku nyumbani. Basi ukishafika, Jumapili nipigie shichi-ji. Nitakuwa nimesharudi kutoka kanisani.

Mama yako