Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Muunganisho Uliohifadhiwa Hunitupa Mkono?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeandika kwa lugha ya Python programu inayochukua taarifa kutoka seva moja kila baada ya sekunde 60, nikitumia maktaba ya requests, yaani msimbo uliotayarishwa wa kutuma maombi kwa seva. Hapo awali nilikuwa naita requests.get kwa kila ombi, na kwa kuwa kila mzunguko una maombi 40, kazi ilikwenda polepole mno. Nilipohamia kwenye Session, ambayo huhifadhi miunganisho ili itumike tena, kasi iliongezeka sana. Tatizo ni kwamba mara moja moja ombi la kwanza la mzunguko hushindwa, na ujumbe husema upande wa pili umekata muunganisho bila kutoa jibu. Nikilirudia ombi lilelile, linapita. Mwenye seva ameniambia kwamba seva yake hufunga muunganisho wowote uliokaa kimya kwa sekunde 60. Je, nirudi nilikotoka?

JIBU: La, ndugu msomaji, usirudi. Ukiita requests.get, maktaba huunda Session mpya, huitumia kwa ombi moja, kisha huifunga, hivyo kila ombi hulipa upya gharama ya kufungua njia. TCP, yaani itifaki inayosafirisha data mtandaoni, hupiga hodi, huitikiwa, kisha huthibitisha kwamba imesikia, na hiyo ni safari moja ya kwenda na kurudi kabla ombi lako halijatoka. Usimbaji fiche wa TLS 1.2 huongeza safari mbili, na TLS 1.3, iliyotolewa mwaka 2018, huongeza moja. Ikiwa safari moja huchukua milisekunde 100, basi kwa TLS 1.2 unapoteza milisekunde 300 kwa kila ombi. Yazidishe kwa maombi yako 40, utapata sekunde 12 zilizotumika kwa kubisha mlango tu. Zaidi ya hayo, TCP huanza kutuma data kwa tahadhari na kuongeza kiasi kadiri inavyopata uthibitisho, kwa hiyo muunganisho uliokwisha kufanya kazi kidogo huwa mwepesi kuliko ule uliofunguliwa sasa hivi.

Chanzo cha hitilafu yako kimo katika maneno ya mwenye seva. Tangu HTTP/1.1, toleo la kanuni ambazo programu na seva huzungumza kwazo, ilipotolewa mwaka 1997, muunganisho hubaki wazi baada ya jibu isipokuwa mmoja wa wahusika ameonyesha kwamba anaufunga. Lakini kila upande una haki ya kuufunga wakati wowote unapokaa kimya, hata bila kutoa taarifa mapema. Maktaba yako hujitahidi, kwani kabla ya kuutumia tena muunganisho huchungulia kama taarifa ya kufungwa imekwisha kufika. Haiwezi, hata hivyo, kuona taarifa iliyo bado njiani. Seva inahesabu sekunde 60, nawe unahesabu sekunde 60; ombi lako linaondoka wakati uleule seva inapofunga, vyote viwili vinapishana njiani, na ombi linakuta mlango umefungwa. Ungekuwa unauliza kila baada ya sekunde 20, huenda usingeliona tatizo hili kamwe, na ndiyo sababu nasisitiza jambo hili: yeyote anayehifadhi miunganisho ahakikishe kwamba muda wake wa kuitunza ni mfupi kuliko muda wa seva. Usidhani seva zote zinafanana, maana kwa mpangilio wa awali programu ya seva iitwayo Apache huvumilia ukimya wa sekunde 5, na ile iitwayo nginx sekunde 75.

Katika lugha ya Go ungeweka muda huo kwa IdleConnTimeout. Kwa kuwa requests haina mpangilio wa namna hiyo, fungua Session mwanzoni mwa kila mzunguko kwa kutumia with, ipitishe maombi yote 40, kisha iache ijifunge. Kubisha mlango mara moja kwa dakika si gharama ya kukusumbua. Unaweza pia kuweka Retry (kanuni za kurudia maombi) kwenye HTTPAdapter (sehemu ya requests inayosimamia miunganisho) ili ombi lililokatika lirudiwe, lakini hapa nakuomba uwe mwangalifu sana: GET, yaani ombi la kusoma taarifa, hurudiwa bila madhara, ilhali POST, yaani ombi la kutuma data, huenda seva ilikwisha kuitekeleza kabla ya muunganisho kukatika, na kuirudia ni kuagiza jambo lilelile mara mbili. Retry yenyewe, usipoibadilisha, huiacha POST nje ya marudio ya namna hii, na nakusihi usiiingize kwa haraka ya kuondoa ujumbe wa hitilafu.

SWALI: Natumia Session moja kwa nyuzi 30 (threads, yaani njia za utekelezaji ndani ya programu moja) zinazofanya kazi kwa pamoja, zote zikielekea seva moja, na napata onyo kwamba hifadhi ya miunganisho imejaa. Nimeongeza pool_connections hadi 30 bila mafanikio.

JIBU: Umegusa mpangilio usiohusika. Hiyo pool_connections huhesabu hifadhi, kwa kawaida moja kwa kila seva unayoielekea, nawe una seva moja tu. Kinachokubana ni pool_maxsize, yaani idadi ya miunganisho inayotunzwa ndani ya hifadhi moja, ambayo kwa kawaida ni 10. Uzi wa kumi na moja hauzuiwi: hufunguliwa muunganisho wa ziada, unafanya kazi yake, na unaporudishwa hukosa nafasi na kutupwa, na onyo unaloliona ni la kutupwa huko. Weka pool_maxsize iwe 30, au weka pool_block iwe True ili nyuzi zisubiri zamu. Binafsi ningechagua kusubiri ikiwa seva si yako.

SWALI: Napakua mafaili makubwa kwa stream=True (mpangilio wa kusoma jibu kidogo kidogo), nasoma mwanzo wa kila faili, kisha naliacha. Kwa nini miunganisho haitumiki tena?

JIBU: Kwa sababu sehemu ya jibu ambayo hukuisoma bado imo ndani ya muunganisho, na ombi jipya likipitishwa humo litasoma mabaki ya jibu la zamani. Maktaba huurudisha muunganisho hifadhini pale tu jibu linaposomwa hadi mwisho. Ukiwa huhitaji kilichobaki, funga jibu kwa close; muunganisho huo utapotea, lakini hautabaki umening'inia ukishikilia soketi, yaani ncha ya muunganisho kwenye kompyuta yako.