Re: Jazz Bass "ya 1966": ni ya asili au imeunganishwa?

Mkuu, unauliza kama hiyo Jazz Bass (gitaa la besi la Fender) unayouziwa ni ya 1966 kweli au imeunganishwa kwa vipande vya magitaa tofauti. Hiyo namba ya bamba la nyuma, lile linaloshikilia shingo, isikutie kiherehere. Bamba linafunguliwa kwa skrubu nne na kuhamishwa wakati wowote. Mwambie muuzaji aivue shingo mbele yako. Kwenye kisigino (mwisho wa shingo unaoingia kwenye bodi) utafute mhuri kama 7 MAR 66 B: 7 ni Jazz Bass, halafu mwezi, mwaka na upana wa shingo. Kwenye mfuko wa shingo (tundu la bodi linamokaa shingo), miaka ile kulikuwa na kijiti cha kushikia bodi wakati wa kupuliza rangi, kwa hiyo panabaki kipande kisicho na rangi. Ukikuta rangi imejaa mle ndani, shuku kwamba imepakwa upya, na hapo bei inaporomoka vibaya.

Kisha funua bamba la vitufe. Poti (kifaa cha kurekebisha sauti kilicho chini ya kitufe) yenye 1376612 imetengenezwa na kampuni ya CTS (137), mwaka 1966 (66), wiki ya 12. Poti kutangulia shingo kwa miezi si tatizo. Ikiwa ya 1974, imebadilishwa. Nyaya ziwe zimevikwa kitambaa, na lehemu iwe imefifia, isiyochokonolewa.

Daraja zito (kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye bodi) ulilosema limewekwa baadaye halinitishi kama limetumia matundu yaleyale na la zamani lipo. Matundu ya kishikio cha vidole upande wa uzi mwembamba ni ya kiwandani. Yakiwa upande wa uzi mnene, kuna mpigaji alikihamisha. Mimi hayo ningeyasamehe, rangi mpya hapana.

Tupia picha ya mfuko wa shingo tuone.