Usiwaachie kitenzi

Wiki jana dada mmoja wa Nakuru aliniandikia. Anasomea historia, yuko mwaka wa tatu, na makumbusho fulani ya Ulaya yamemwalika asaidie kuandika maelezo ya vitu vilivyotoka kwetu. Aliuliza: "Nikubali? Nianzie wapi?" Niliusoma ujumbe wake ndani ya matatu, tunapita Kondele hapa Kisumu, nikashuka kabla ya kituo changu. Nilitaka kutembea.

Mwaliko kama huo niliwahi kuupata. Makumbusho yenyewe sitayataja. Mikutano ya Zoom ilikuwa mingi, mingine hata sikumbuki ilihusu nini. Ninachokumbuka ni picha ya chieno.

Chieno, kwa asiyekijua, ni vazi la nyuzi zilizosokotwa, lililoning'inia nyuma kiunoni mwa mwanamke wa Kijaluo aliyeolewa. Msichana hakukivaa. Kwenye picha ile nyuzi zilikuwa zimekauka, na kikaratasi chenye namba kimefungwa pale pale penye fundo la kiunoni. Daftari la usajili lilikuwa na jina la Mzungu aliyekipeleka, afisa wa serikali ya kikoloni, kisha maneno haya: "Mkia wa mwanamke, Kavirondo." Basi. Aliyekisokota hana jina, aliyekivaa hana jina. Kavirondo ndilo jina walilotubandika sisi Wajaluo na Waluhya kwa pamoja, na mkia ni wa mnyama.

Nilichapisha picha ile nikampelekea dani, nyanya yangu, kule Seme. Aliishika karibu na dirisha kwa muda mrefu. Nilidhani ataniambia jinsi kinavyosokotwa. Akaniuliza, "Huyu mama alirudi kwake amevaa nini?"

Daftari zima, maonyesho yote, vitabu vyote nilivyosoma, hakuna aliyekuwa ameuliza hilo. Mke wa mtu hakuvua chieno mbele ya mgeni. Labda alinyang'anywa, labda alikuwa ameshakufa, labda alikiuza siku serikali ya kikoloni ilipodai kodi ya nyumba, ili mumewe asifungwe. Na maelezo ya makumbusho yalisema "kilipatikana".

Kwenye mkutano uliofuata tulikuwa tisa, mweusi ni mimi peke yangu. Kila mtu alitambulishwa: mhifadhi, mtafiti, mtaalamu wa Afrika Mashariki ambaye Kisumu alikuwa amekaa wiki mbili. Mimi, mwenye shahada ya historia, niliyezaliwa hapa, nikatambulishwa kama "sauti ya jamii". Mpaka leo linaniwasha. Wao walikuwa wanajua, mimi nilikuwa nimeletwa kuhisi. Na mradi wenyewe uliitwa wa kuondoa ukoloni!

Niliandika "kilichukuliwa". Rasimu ikarudi imeandikwa "kilipatikana". Nikarudisha neno langu. Likatolewa tena, safari hii na maelezo kwamba hakuna ushahidi wa kuchukuliwa. Nikauliza: na ushahidi kwamba kilitolewa kwa hiari uko wapi? Hakuna aliyejibu barua pepe hiyo. Maonyesho yalifunguliwa, aya yangu imekatwa, jina langu likiwa chini kabisa kwenye shukrani, herufi ndogo kama za masharti ya mkopo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kubali. Lakini uliza kwa maandishi, mapema, nani ana neno la mwisho. Uliza malipo, maana wao hawakai kwenye mikutano hiyo bure. Omba picha ya ukurasa wenyewe wa daftari, usikubali muhtasari. Mpelekee mzee wa kwenu kabla hujaandika hata sentensi moja. Na usiwaachie kitenzi. Kilitoka mikononi mwa nani, kwa njia gani? Simama hapo, hata wakichoka nawe.

Usidhani pia kwamba jambo hili ni la Ulaya tu. Panda Hyrax Hill, hapo hapo kwenu Nakuru. Jengo la makumbusho lilikuwa nyumba ya walowezi. Tunafundishwa kwamba mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba pale mwaka 1937 na 1938. Sururu zilikuwa mikononi mwa nani? Makumbusho ya Kitale yalianzia kwenye mkusanyiko wa mlowezi Hugh Stoneham, mwaka 1926. Yale makuu ya Nairobi yalibeba jina la gavana, Coryndon, kuanzia 1930 hadi wakati wa uhuru. Tulirithi majengo, tukayasoma maandishi ya ukutani bila kuyauliza kitu. Tuamke! Mtoto anayepelekwa pale na shule yake anastahili kusoma majina ya babu zake.

Wanandi wametuonyesha. Koitalel arap Samoei, kiongozi wao aliyewapinga Waingereza, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905, alipokwenda kukutana na Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Waingereza, akiambiwa ni mazungumzo ya amani. Fimbo zake tatu zilirudi kutoka Uingereza mwaka 2006. Hakuna anayethubutu kusimama Nandi Hills aseme fimbo zile "zilipatikana". Koitalel ana jina, na ana watu wa kulitetea. Mradi ulioshirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya kwetu katika taasisi 30 za ng'ambo. Vingi kati ya hivyo ni kama chieno kile, vya watu ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Aya yangu iliyokatwa ilikuwa hii. Nimeirudisha kama nilivyoiandika:

"Chieno. Kilisokotwa kwa mikono ya Kijaluo na kuvaliwa na mwanamke aliyeolewa. Kilichukuliwa na afisa wa serikali ya kikoloni, ambaye aliandika jina lake mwenyewe na hakuandika la mwanamke huyo. Bibi mmoja wa Seme, alipoonyeshwa picha hii, aliuliza: alirudi kwake amevaa nini?"