Andika Orodha ya Kesho Kabla ya Kulala

Wanaoniuliza kuhusu orodha ya kazi za siku karibu wote huanza na suala la zana: daftari au simu, programu ipi, kalamu ya rangi gani. Huwa nalijibu kwa ufupi kwa sababu halina uzito mkubwa. Mimi natumia daftari dogo, kwa kuwa nikifungua simu ili kutazama orodha nakutana kwanza na ujumbe wa watu; lakini mwenye uwezo wa kufungua simu na kuifunga bila kupotelea humo hana haja ya daftari. Yenye uzito ni mengine: kinachoandikwa, wakati wa kukiandika, na hatima ya ile mistari ambayo jioni inaikuta bado haijakatwa.

La kwanza ni kutenganisha orodha mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Kila jambo linalonijia kichwani, liwe ahadi niliyotoa, wazo la kufuatilia au kitu kinachohitaji matengenezo, naliandika kwenye kurasa za nyuma za daftari, bila mpangilio na bila kikomo. Ukurasa wa siku uko mbele, nao hauzidi mistari mitano, ambayo nimeichota kwa makusudi kutoka katika zile kurasa za nyuma. Mtu mwenye orodha moja ya mistari thelathini hana mpango wa siku. Akiitazama asubuhi atachagua yaliyo mepesi, atajibu barua pepe, atapanga meza, kisha atajiona amefanya kazi kutwa nzima ilhali lile jambo lililomfanya aanze kuandika orodha halijaguswa. Kupanga ni kuchagua, na kuchagua kunauma kidogo, kwa sababu kila mstari unaoingia mbele unaiacha mingine mingi nyuma. Afadhali kuume jioni ukiwa umetulia kuliko saa nne asubuhi wakati simu inaita na mtu amesimama mlangoni.

Kwa hiyo naandika orodha usiku, jambo la mwisho kabla ya kuzima taa, na faida yake haiishii kwenye kazi. Mwaka 2018 Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika maabara ya usingizi kwa vijana 57. Baadhi yao waliandika kwa dakika tano, kabla ya kulala, mambo wanayopaswa kuyafanya siku zinazofuata, na wengine waliandika mambo waliyokwisha kuyakamilisha. Walioandika yaliyo mbele walipata usingizi mapema zaidi, kwa wastani wa dakika tisa hivi, na kadiri orodha ya mtu ilivyoeleza mambo kinaganaga ndivyo alivyowahi kulala. Ni jaribio dogo la usiku mmoja, wala sidai kwamba linamaliza mjadala, lakini linalingana na ninayoyaona kwangu: jambo lililokwisha kuandikwa pamoja na saa yake halinirudii kitandani.

Neno kinaganaga ndilo ningependa msomaji akae nalo. Mistari mingi ya orodha za watu ni majina ya mambo, si kazi: «ripoti», «mazoezi», «lugha». Jina halifanyiki. Mstari unaofanyika una kitenzi, una kipimo na una mahali pa kuanzia. Badala ya «ripoti» naandika «andika aya mbili za utangulizi wa ripoti, mezani, kabla ya kufungua barua pepe». Badala ya «lugha» naandika «baada ya kupiga mswaki asubuhi, soma ukurasa mmoja kwa sauti». Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, katika makala yake ya mwaka 1999, alionyesha kwamba watu wanaoamua mapema ni lini, wapi na kwa namna gani watatenda jambo hulitimiza mara nyingi zaidi kuliko wale wenye nia tupu, hata kama nia hiyo ina nguvu. Sababu yake inaeleweka. Tukio lenyewe, kama kuweka mswaki chini, ndilo linalokukumbusha, nawe huhitaji tena kusimama na kujishawishi upya kila siku.

Halafu kuna suala la muda, na hapa hata werevu huteleza. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliripoti kwamba waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu zao ni lini wangezimaliza. Wanafunzi walikadiria siku 34 kwa wastani. Walichukua zaidi ya 55. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba waliulizwa pia wakadirie endapo kila kitu kingekwenda vibaya kabisa, na hata makadirio hayo, ya siku 49 hivi, yalipitwa na hali halisi. Ndiyo sababu ya mistari mitano. Kando ya kila mstari naandika dakika ninazodhani zitatumika, kisha nahakikisha jumla yake haizidi nusu ya muda nilio nao, kwa kuwa nusu ya pili itachukuliwa tu na mambo ambayo hayakuandikwa. Ukifanya hivyo kwa wiki chache ukilinganisha makadirio na hali halisi, utajua ni kazi za aina gani unazozikadiria muda mfupi mno.

Kuhusu tabia njema, orodha ya siku ina kazi tofauti kidogo, na hapa naomba kuwa mkali. Tabia unayoijenga inastahili mstari wake katika ukurasa wa kila siku, lakini iwe moja, na mstari huo uandikwe kwa maneno yale yale hadi utakapokosa haja ya kuuandika. Ile kauli ya kwamba tabia hujengeka kwa siku 21 isikuhangaishe. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akiwa amechagua tabia moja ya kula, kunywa au kufanya mazoezi baada ya tukio fulani la kila siku. Muda uliokadiriwa wa tabia kuwa mazoea, ukimtazama mtu wa katikati, ulikuwa siku 66, lakini wa haraka zaidi alihitaji siku 18 na kwa aliyechelewa zaidi hesabu ilifika 254. Waligundua pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Hilo nawaambia hasa wale wanaotupa daftari zima kwa sababu ya Jumatano moja iliyokwenda vibaya. Alhamisi andika mstari ule ule, bila kuongeza dozi ili kufidia.

Mstari wa tabia uwe mdogo kiasi cha kukuchekesha. Dakika tano za kutembea zinazofanyika siku ya mvua, siku ya uchovu na siku ya wageni ni bora kuliko saa nzima inayosubiri siku nzuri. Kuongeza ni rahisi baadaye, wakati mwili umeshazoea kuondoka kitini saa ile.

Malengo makubwa nayo yanahitaji mlango wa kuingilia. Katika mistari mitano, wa kwanza ni wa lengo, hata kama ni wa dakika ishirini, nao hufanywa kabla ya kazi ambazo wengine wamenipa. Mwishoni mwa wiki napitia kurasa saba na kutia duara kila mstari uliogusa lengo hilo. Wiki ikipita bila duara hata moja, huwa sitafuti bidii zaidi. Najiuliza kama lengo hilo ni langu kweli au nimeliazima kwa mtu mwingine. Yapo niliyoyaacha kwa njia hiyo, na sijutii.

Sasa viporo, yaani mistari inayohamishwa kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Wengi huviona kuwa aibu, nami naviona kuwa sehemu ya orodha yenye habari nyingi kuliko zote. Kanuni yangu ni kwamba mstari hauruhusiwi kunakiliwa mara ya tatu kwa maneno yale yale. Niliwahi kuwa na mstari uliosema «jaza fomu ya maombi», kazi ya nusu saa, ambao ulikuwa ukihama kila jioni. Nilipojilazimisha kuuandika upya nikaona kwamba fomu ilitaka nakala ya cheti nisichokijua kilipo, na kwamba kila nilipoishika kalamu nilikuwa naikwepa safari ya kutafuta cheti hicho, wala si fomu. Mstari mpya ukawa «tazama kwenye bahasha za kabati la juu», dakika kumi, na fomu ikajazwa kesho yake.

Mara nyingi kiporo huwa hivyo: kazi nyingine imejificha ndani yake, au kuna swali ambalo lazima mtu fulani alijibu kwanza. Ukiigawa bado ikahama, ipe tarehe ya mbali na uirudishe kwenye kurasa za nyuma. Na ikiwa huna tena nia ya kuifanya, ikate. Lakini kama kuna mtu anayeisubiri, mjulishe kwanza kwamba hutaifanya, ili naye aitafutie njia nyingine.