Hedifoni Zinachoma Masikio: Je, Valvu Zitasaidia?

SWALI: Nina Sennheiser HD 800. Sauti ni safi, ila kila "s" ya mwimbaji na matoazi vinachoma masikio. Fundi wa Luthuli Avenue, Nairobi, anasema ninunue amplifaya ya valvu, ile yenye mirija ya kioo. Ni kweli itatibu?
Msomaji, Buruburu

JIBU: Itapunguza, haitatibu. Ukali huo umo ndani ya hedifoni zenyewe: zina mwinuko karibu na kilohezi 6, yaani hutoa sauti nyembamba za hapo kwa nguvu zaidi, na hakuna amplifaya safi, isiyobadili sauti, itakayouondoa.

Valvu husaidia kwa njia nyingine. Ukinzani wa HD 800, yaani jinsi zinavyozuia umeme, ni omu 300, lakini kwenye besi, karibu na hezi 100, hupita omu 600. Amplifaya ya valvu isiyo na transfoma ya kutolea sauti, yenye ukinzani wake wa omu 100 hivi, huinua besi hiyo kwa takriban desibeli 1. Sauti inapata mwili na ukali unafunikwa kidogo. Kwa hedifoni za omu 32 usithubutu. Nguvu nyingi itaishia ndani ya amplifaya.

Wati zisikusumbue. Volti 2.5, yaani kama miliwati 21, zinatosha kufikia desibeli 110, na hapo tayari unaharibu masikio.

Kabla ya kutoa pesa, fungua ikwalaiza ya kompyuta, yaani programu ya kupandisha na kushusha sehemu za sauti, ushushe kilohezi 6 kwa desibeli 4. Tunaamini wengi wataridhika hapo. Ukinunua bado, soma kibandiko cha nyuma: ya Marekani ya volti 120 pekee itaungua kwenye umeme wetu wa 240.